Gari linalokata nguvu ghafla likiwa kasi: namna ya kuusaka ugonjwa hatua kwa hatua

Malalamiko huwa yale yale. Gari linawaka mara moja, linanguruma vizuri, kwenye foleni halina neno. Likitoka barabara kuu na sindano ikafika 90 au 100, au likikutana na mlima mrefu, linaishiwa ghafla. Unakanyaga mafuta, halijibu. Unalipeleka kwa fundi, analiwasha, analipiga raundi mbili tatu likiwa limesimama, anakwambia liko safi. Kesho yake linarudia.

Fundi huyo hakudanganyi. Injini ya lita 2 ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa, huvuta hewa gramu 2 hadi 4 hivi kwa sekunde. Injini hiyo hiyo ikikanyagwa hadi mwisho kwenye raundi za juu huvuta zaidi ya gramu 100 kwa sekunde, na kila gramu 14.7 za hewa hudai gramu moja ya petroli. Ikibanwa sana hudai zaidi kidogo ya hapo. Pampu iliyochoka, filta iliyoziba nusu, ekzosi iliyobana au koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) yenye ufa vyote huweza kuihudumia silensa bila shida, kisha vikashindwa injini inapodai mara 30 ya kile ilichokuwa ikipewa. Ndiyo maana vipimo vya gari lililosimama havijathibitisha kitu katika ugonjwa huu. Upime injini ikiwa na mzigo, na kabla ya kupima ujue ni kwa namna gani hasa nguvu zilikatika. Asiyefanya hayo mawili huishia kununua plagi, kisha pampu, kisha sensa, na gari likabaki lile lile.

Hatua ya 1: Toka barabarani

Nguvu zikikatika, washa taa za tahadhari papo hapo na utumie mwendo uliobaki kusogea kando. Injini ikiwa imezima kabisa, usukani utakuwa mzito na breki zitabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu bila kuachia, usipampu. Usizungushe ufunguo hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Ukishasimama, abiria washuke upande usiopita magari.

Kama geji ya joto imepanda au taa nyekundu ya oili imewaka, zima na usijaribu kuwasha tena hadi sababu ijulikane. Magari mengi ya kisasa hukata nguvu yenyewe yakipata joto kali ili kujiokoa, na ukilazimisha utahama kutoka tatizo la rejeta hadi tatizo la injini nzima. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi ipoe.

Hatua ya 2: Andika jinsi lilivyokata nguvu

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, na ndiyo watu wengi huiruka. Fanya hapo hapo kando ya barabara, kwenye simu, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya kila anayepita kutoa ushauri. Fundi akiambiwa tu "linakosa nguvu" anabaki kubahatisha. Mpe maelezo yafuatayo na ataanza kazi akiwa amesogea mbali.

Angalia kwanza sindano ya raundi. Ikiwa ilianguka hadi sifuri mara moja huku gari bado linatembea kwenye gia, injini ikiwa bado inazungushwa na magurudumu, basi kompyuta ya gari ilipoteza habari za mzunguko au umeme wa injini ulikatika wote. Anza kuwaza sensa ya krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), rilei kuu, swichi ya ufunguo, na nyaya za betri. Hapo petroli haina kosa. Dalili hii ni wazi zaidi kwenye gari la gia za mkono. Kwenye otomatiki injini iliyozima inaweza kusimama yenyewe ingawa magurudumu yanaenda.

Ikiwa raundi zilipanda juu lakini mwendo haukuongezeka, injini ni nzima. Klachi inateleza au giaboksi ya otomatiki haishiki. Usipoteze saa hata moja kwenye mafuta wala plagi.

Ikiwa gari liliendelea kwenda kwa utulivu, bila kuruka wala kutetemeka, ila likakataa katakata kupita raundi 2,500 au 3,000 hivi, na pengine giaboksi ikaganda kwenye gia moja, limeingia hali ya kujilinda. Kompyuta imeona jambo isiloliamini na imekupunguzia nguvu makusudi. Hili ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu karibu kila mara kompyuta huwa imeandika sababu.

Ikiwa liliishiwa taratibu, likazidi kulegea kadiri unavyokanyaga na kupata nafuu ukiachia mguu kidogo, linanyimwa kitu: petroli haifiki ya kutosha, hewa haiingii, au moshi hautoki. Magonjwa haya matatu yanafanana mno ukiwa kwenye usukani. Tutayatenganisha kwa vipimo huko mbele.

Na ikiwa lilikuwa linarukaruka na kukatika kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma, linamisi. Silinda moja au zaidi hazichomi. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima wakati huo, punguza mwendo mara moja: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega yake (chombo cha kusafisha moshi), na hapo utapata ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kisha andika mazingira. Tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani? Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake, kwa hiyo gari linaloumwa likiwa chini ya robo tanki na kupona likijazwa linaelekeza kidole huko. Ulikuwa umetoka kujaza mafuta kituo usichokizoea? Injini ilioshwa au mvua kubwa ilinyesha? Kuna fundi aliyeigusa wiki hiyo? Swali la mwisho ni la muhimu kuliko linavyosikika. Hosi ya hewa iliyoachwa bila kukazwa klipu baada ya sevisi imelaza magari mengi.

Mwisho, ilichukua muda gani kurudi? Likiwaka na kwenda sawa baada ya sekunde chache za kuzima na kuwasha, fikiria kompyuta iliyojifunga, au shinikizo la tabo (feni inayosukumia injini hewa) lililozidi. Likidai nusu saa hadi lipoe, fikiria kitu cha umeme kinachokufa kwa joto: sensa ya krankishafti, koili, au pampu.

Hatua ya 3: Soma kodi za hitilafu kabla ya kuchomoa betri

Kuna desturi ya kuchomoa waya wa betri ili "kuisafisha kompyuta". Usifanye, wala usimruhusu mtu. Unafuta ushahidi pekee ulionao.

Soketi ya kupimia yenye pini 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva katika magari mengi. Magari yaliyouzwa Marekani yanayo kwa sheria tangu ya mwaka 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001. Kifaa kidogo cha bluetuthi na programu ya simu kinatosha kwa kazi hii, mradi kionyeshe kodi (namba ambazo kompyuta huandika ikiona hitilafu) zilizothibitishwa, kodi zinazosubiri, na kumbukumbu ya tukio, yaani picha ya hali ya injini sekunde ile hitilafu iliponaswa: raundi, mwendo, joto, mzigo, na marekebisho ya mafuta. Mafundi wengi husoma kodi na kuiacha kumbukumbu hiyo, ilhali kwa ugonjwa unaotokea kwenye kasi tu, ndiyo shahidi aliyekuwepo.

Kodi zinazojitokeza zaidi kwa ugonjwa huu ni hizi. P0171 na P0174 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. P0087 husema shinikizo la mafuta liko chini mno. P0101 humlenga mpimaji wa hewa, yaani sensa ya hewa iliyo baada ya filta. P0300 ni kumisi kwa silinda zisizo na mpangilio, na P0301, P0302 na kuendelea zinataja namba ya silinda. P0335 ni ishara ya krankishafti. P2135 na P2138 ni sensa mbili za throto (mlango wa hewa wa injini) au za pedali ya mafuta zinazopingana. P0299 ni tabo inayotoa shinikizo pungufu, na P0234 ni inayozidisha.

Kodi haitaji kipuri cha kununua. P0171 husomwa na oksijeni sensa, na watu wengi humlipia oksijeni sensa mpya wakati maskini alikuwa anatoa taarifa sahihi kwamba pampu imechoka. Kodi inakuonyesha mtaa; nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kama hakuna kodi kabisa, usikate tamaa. Ekzosi iliyoziba, filta ya mafuta iliyochafuka na klachi inayoteleza mara nyingi haziandiki kitu.

Hatua ya 4: Vya bure kwanza

Toa kapeti la dereva uone kama halizuii pedali kufika chini. Unaweza kucheka, lakini kapeti lililokunjwa chini ya pedali limewahi kusababisha pampu nzima kubadilishwa.

Fungua boksi la filta ya hewa. Filta iliyojaa vumbi au iliyolowa maji inabana hewa, na hosi laini iliyochoka inaweza kunywea ndani injini inapovuta kwa nguvu, kisha ikarudi umbo lake ukisimama. Ibinye kwa mkono. Mpira uliolainika kupita kiasi au wenye ufa upande wa chini usioonekana ubadilishwe. Pangusa pia nati za betri na kamata waya wa bodi na injini uone kama umekazika.

Tatizo linapoanza, simama na ulegeze mfuniko wa tanki. Ukisikia tanki linavuta pumzi ndefu ya hewa na gari likapona, njia ya kupumulia ya tanki imeziba, na pampu ilikuwa ikipigana na utupu. Mlio mdogo ni kawaida kwa magari mengi, kwa hiyo usihukumu kwa mlio peke yake.

Sogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kupita mengine, breki yake imekwama na gari linavuta mzigo wake lenyewe.

Hatua ya 5: Petroli

Kwa gari lenye dalili ya kuishiwa taratibu, naanzia hapa.

Kama kifaa chako kinaonyesha marekebisho ya mafuta, yatazame kabla ya kufungua chochote. Namba hizi ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye mafuta ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya -10 na +10 hakuna cha kuhofia. Zikiwa juu kwenye silensa na kushuka ukipandisha raundi, kuna hewa inayopenya mahali pasipo pake, kwenye gasketi au mpira wa vakyumu. Zikiwa sawa kwenye silensa na kupanda hadi +15 au +20 kadiri mzigo unavyoongezeka, mafuta hayatoshi, au sensa ya hewa ni chafu na inaripoti hewa pungufu. Huo mwelekeo mmoja unakuondolea nusu ya washukiwa.

Kuwatenganisha hao wawili waliobaki, angalia gramu za hewa kwenye kifaa. Kwenye silensa, namba ikaribie ukubwa wa injini kwa lita au izidi kidogo. Halafu barabarani, kanyaga hadi mwisho kwenye gia ya pili hadi raundi za juu: kilele cha gramu kwa sekunde kinapaswa kukaribia nguvu farasi za injini zikizidishwa kwa 0.8. Injini ya nguvu farasi 150 isiyofika hata 80 ama inadanganywa na sensa chafu au kweli haipumui. Sensa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza pekee. Kitambaa au dawa ya kabureta huweza kuua ule waya mwembamba.

Shinikizo sasa. Magari mengi yenye nozeli (zinazopulizia petroli) kwenye njia ya hewa hutumia takriban bar 3 hadi 4, lakini tafuta kiwango cha gari lako. Funga geji yenye mpira mrefu, ipitishe nje hadi kwenye kioo cha mbele na uifunge kwa utepe, kisha mwenzako aendeshe hadi lile tatizo litokee nawe ukitazama. Sindano ikianguka sambamba na nguvu, umempata. Geji inayosoma vizuri karakana na kuishiwa barabarani ni jambo la kila siku. Usiingize mpira wa petroli ndani ya gari, uwe na kizima moto, na kabla ya kufungua kiungo chochote toa rilei ya pampu na uache injini iishiwe mafuta yenyewe.

Onyo kwa wenye injini za sindano za moja kwa moja ndani ya silinda, na dizeli za komoni reli: upande wa shinikizo kubwa kuna bar 50 hadi 200 na zaidi kwa petroli, na zaidi ya 1,000 kwa dizeli. Mchirizi wa shinikizo hilo hupenya ngozi. Hapo soma namba kwa kifaa, usifungue nati.

Shinikizo likiwa dogo, usinunue pampu bado. Pima umeme kwenye plagi ya pampu ikiwa inafanya kazi: usipungue zaidi ya nusu volti kuliko ule wa betri, na upande wa ethi (hasi) upimwe vilevile. Altaneta nzima hutoa volti 13.8 hadi 14.5 hivi. Pampu nzuri ikipewa volti 10 kwa waya ulioungua au rilei yenye nukta zilizochoka hujionyesha kama pampu mbovu, na pampu mpya itakufa vilevile. Umeme ukiwa sawa, badilisha filta, na ukifungua tanki tazama soksi ya pampu. Soksi iliyojaa uchafu mweusi ina maana tanki zima lioshwe, la sivyo unarudi hapo baada ya miezi.

Hatua ya 6: Moshi usiotoka

Masega ya ekzosi yaliyoyeyuka na kuziba hufanya gari liende kama limefungwa kamba: mwendo fulani halivuki, sauti ya nyuma ni ndogo kuliko kawaida, na chini ya bodi kuna joto kali. Wengine husikia vipande vikigongana ndani ukigonga chombo kwa nyundo ya mpira.

Kipimo cha uhakika ni kuchomoa oksijeni sensa ya mbele na kufunga geji ya shinikizo dogo kwenye tundu lake. Kwenye silensa isizidi bar 0.1 hivi, na kwenye raundi 2,500 isizidi 0.2. Usipokuwa nayo, tumia geji ya vakyumu kwenye bomba la hewa baada ya throto: injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye silensa, na pungufu kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Pandisha raundi hadi 2,500 na uzishikilie. Sindano ikianguka kisha ikarudi ni sawa. Ikiendelea kuzama polepole, moshi umekwama.

Swali linalofuata ni nani aliyeyaua masega. Kwa kawaida ni injini iliyomisi muda mrefu au inayokula oili. Masega mapya juu ya koili mbovu yatayeyuka kama yale. Kuhusu kuyapasua na kuyatoa kabisa, najua inafanyika sana: kipimo kizuri cha kuhakikisha ugonjwa labda, tiba sivyo. Ni kosa kisheria katika nchi nyingi, sensa ya nyuma italalamika, na aliyeyaua bado yupo ndani.

Hatua ya 7: Cheche

Kadiri silinda inavyojaa hewa, cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi. Plagi yenye mwanya uliokua, au mpira wa koili wenye mstari mweupe wa ufa, hupitisha cheche sawasawa kwenye silensa na kuivujisha ubavuni ukikanyaga mlimani. Ndiyo maana gari huweza kumisi barabara kuu tu.

Kama kodi ni P0302, hamishia koili ya silinda ya 2 kwenye ya 3 na uendeshe. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, hamisha plagi; ikibaki tena, ni nozeli au mgandamizo wa silinda yenyewe. Mgandamizo wa injini nyingi za petroli ni bar 10 hadi 13, ila tofauti kati ya silinda ndiyo inayosema zaidi: ikizidi asilimia 15 kuna jambo. Zote zikiwa chini kwa pamoja, angalia kama mkanda au cheni ya taimingi imeruka jino. Na usichomoe koili injini ikinguruma. Umeme wake ni mkali kwako na kwa kompyuta.

Hatua ya 8: Sensa zinazokufa kwa joto na pedali inayojipinga

Kwa gari lililozima kama taa na kurudi likipoa, subiri lizime tena, kisha fungua kifaa kwenye ukurasa wa raundi na upige stata. Injini ikizunguka lakini kifaa kinasoma 0, ishara ya krankishafti haifiki. Ikisoma 150 hadi 300 hivi, sensa inafanya kazi, endelea kutafuta kwingine: cheche ipo? shinikizo la petroli lipo? Kipimo hiki huchukua nusu dakika lakini lazima kifanyike gari likiwa bado limegoma. Likishapoa umechelewa. Karakana unaweza kuipasha sensa moto kwa mashine ya kukaushia nywele huku injini ikinguruma, uone kama inazima.

Pedali ya mafuta ya kisasa haina waya wa kuvuta throto. Ina sensa mbili zinazoripoti mguu wako kwa namba tofauti zenye uwiano maalumu, na throto nayo ina mbili. Uwiano ukivunjika hata kwa sekunde, kompyuta hukupunguzia nguvu. Kanyaga pedali polepole, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezima, ukitazama grafu za zote mbili: mstari uende laini. Ukiruka au ukakatika mahali fulani, na mara nyingi ni pale mguu unapokaa kwa safari ndefu, umeona ugonjwa. Kabla ya kununua, chomoa plagi ya waya uangalie kutu na pini iliyolegea.

Tabo na dizeli

Dizeli yenye tabo inayokata nguvu ukiovateki au ukipanda mlima, kisha inapona kabisa ukizima na kuwasha, mara nyingi ina mabawa ya tabo yaliyoganda kwa masizi. Shinikizo linazidi, kompyuta inajifunga, na P0234 inabaki kama alama. Mara nyingine dawa ni kusafisha, si tabo mpya. P0299 ni kinyume chake: tafuta hosi iliyochomoka au kupasuka kati ya tabo na bomba la hewa. Ukungu wa oili kwenye kiungo na mlio wa kupuliza ukikanyaga vinaonyesha mahali.

Moshi nao unasema. Dizeli dhaifu inayotoa moshi mweusi ina mafuta lakini imekosa hewa: hosi, tabo, au vali ya kurudisha moshi iliyokwama wazi. Dizeli dhaifu isiyotoa moshi wowote imekosa mafuta, kwa hiyo anza na filta, umwage maji yaliyotuama chini yake. Zenye chujio la masizi kwenye ekzosi huingia hali ya kujilinda likijaa, hasa gari linaloishi kwenye safari fupi za mjini.

Klachi na giaboksi

Kwenye gia za mkono, nenda polepole kwa gia ya nne na ukanyage hadi chini. Raundi zikiruka peke yake, klachi imekwisha. Kwenye otomatiki pima oili kwa utaratibu wa mtengenezaji na uinuse. Nyeusi yenye harufu ya kuungua haihitaji maelezo. Giaboksi za mkanda zinazobadilisha uwiano bila ngazi hupata joto kwenye mwendo kasi wa muda mrefu, na kompyuta hupunguza nguvu hadi zipoe.

Baada ya kutengeneza

Futa kodi, kisha rudi kwenye hali ile ile uliyoiandika katika hatua ya 2: kasi ile, mlima ule, tanki likiwa na kiasi kile, injini ikiwa na joto lile. Mwenzako arekodi raundi, marekebisho ya mafuta, gramu za hewa na shinikizo, maana dereva hawezi kutazama simu. Kukanyaga hadi mwisho kufanyike mahali panaporuhusu, kwa sekunde chache tu. Marekebisho yakikaa ndani ya asilimia 10 kwenye mzigo, weka rekodi hiyo. Gari likirudia mwakani utakuwa na namba za afya za kulinganisha. Yakiwa bado +18 ingawa gari linaonekana kwenda vizuri, usilipokee kutoka kwa fundi. Limepata nafuu ya muda, na kilichobanwa bado kimebanwa.